Nani Alisema Ukuta ni Bure?

Mchoraji wa mtaani akifungua maonyesho yake ya kwanza galerini, wa kwanza kumlaumu huwa mtu ambaye hajawahi kununua hata kadi yenye mchoro wake. "Amesahau mtaa," atasema. "Siku hizi anachorea Wazungu." Muulize mlalamikaji: mchoraji alikula nini miaka yote aliyokuwa akichora kutani, utamwona anababaika, maana swali hilo halikuwahi kumpitikia. Yeye alikuwa akipita, anatazama, anapiga picha kwa simu, anakwenda zake. Mapenzi yake kwa sanaa ya mtaani yalianzia hapo na yakaishia hapo.

Imani yenyewe mnaijua. Sanaa ya kweli iko ukutani, huru, mali ya wananchi. Galeri ni ya wenye pesa, na msanii anayevuka mlango wake ameuza roho. Huwa inasemwa kwa sauti ya mtu anayetetea wanyonge. Mimi naiona ni imani ya kinyonyaji. Inamtaka mchoraji afanye kazi bila malipo, kisha inampa sifa kwa kukubali.

Tuanze na historia, kwa sababu waumini wa jambo hili hupenda kutaja New York kama Makka yao. Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana aliyekuwa akijiita TAKI 183, ambaye jina lake lilikuwa limeenea kwenye kuta na vituo vya treni vya jiji zima. Haikupita hata miaka miwili na ushee, vijana wa kundi la United Graffiti Artists, waliokusanywa na mwanafunzi wa sosholojia Hugo Martinez, wakawa wanaonyesha kazi zao kwenye kanvasi katika Razor Gallery, mtaa wa SoHo. Huo ni mwaka 1973. Mwaka 1979 Lee Quiñones na Fab 5 Freddy walikuwa Roma, kwenye galeri ya La Medusa, wakati wengi wa wanaowalilia leo hawajazaliwa. Zama za utakatifu zinazosimuliwa zilidumu miaka miwili, kama zilikuwapo kabisa. Hata Banksy, nabii wao mkuu, alipoifanya picha yake ijichanechane mbele ya wanunuzi mnadani London Oktoba 2018, watu walishangilia kwamba amelidhalilisha soko. Miaka mitatu baadaye picha hiyohiyo, ikiwa imechanika nusu, iliuzwa kwa pauni milioni 18.6. Soko halikuona aibu yoyote.

Sisi hata hiyo miaka miwili hatukuwa nayo. Katika sehemu hizi mchoraji wa mtaani alianza akiwa fundi, na fundi hulipwa. Joseph Bertiers alikuwa mchoraji wa mabango ya baa na maduka Nairobi kabla picha zake zenye vituko na umati wa watu hazijaonyeshwa Los Angeles. Chéri Samba aliingia Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akachora mabango ya watu, na mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Picha zake alizitundika nje, na akaanza kuandika maneno juu yake ili mpita njia asimame kusoma, kwa sababu anayesimama huenda akanunua. Mtindo ule ambao leo wataalamu wa Paris wanauandikia kurasa nzima ulizaliwa na hesabu ya biashara ya barabarani. Otieno Kota na Otieno Gomba nao, walioanzisha Maasai Mbili pale Kibera mwaka 2001, walikuwa mafundi wa mabango. Kutoka kwenye kundi hilo alitokea Solo 7, aliyezunguka Kibera wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007 akiandika kwenye kuta na mabati kwamba amani inatafutwa, na itafutwe ikiwa hai. Kazi kubwa kuliko hiyo sijui kama ukuta wowote wa Nairobi umewahi kubeba. Ila rangi aliyoandikia haikudondoka kutoka mbinguni.

Na Tingatinga? Jina lake limekuwa bidhaa ya uwanja wa ndege kiasi kwamba tumesahau alikuwa mchoraji wa mtaani kwa maana kamili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 Dar es Salaam kuchora kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Kazi zilipangwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni na mabalozi walikuja kununua mahitaji yao. Hapakuchaguliwa kwa bahati. Mtu mwenye njaa hujua mahali penye fedha, na Tingatinga hakwenda kuzipanga Manzese ili wahakiki wa baadaye wamsifu kwa kubaki na wananchi. Alipouawa kimakosa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake walibaki palepale, wakaendelea kuuza, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Kama kuuza ni usaliti, basi shule nzima ya uchoraji iliyobeba jina la Tanzania duniani ilianzishwa na wasaliti.

Lakini mfano unaonikera zaidi kwa jinsi unavyosahauliwa ni wa Katanga, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo. Miaka ya 1970, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na wachoraji waliotembea na picha kwapani wakibisha hodi nyumba kwa nyumba. Mmoja wao aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na wateja wake walikuwa wafanyakazi wa migodini na reli, makarani, walimu. Picha ziliwekwa sebuleni: nguva wa Mami Wata, utawala wa Wabelgiji na kiboko chake, Lumumba akiwa amefungwa kamba. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha 101, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria. Nasema hivi kwa wanaoamini kwamba "sanaa ya wananchi" lazima iwe hadharani: hii ilikuwa sanaa ya wananchi kuliko mchoro wowote wa ukutani, na ilining'inia ndani ya nyumba za wananchi, imenunuliwa kwa mshahara wa wananchi. Uchumi wa Zaire ulipoporomoka, mfanyakazi akashindwa kununua unga sembuse picha, na soko lile likafa. Tshibumba mwenyewe hakusikika tena baada ya mwanzo wa miaka ya 1980. Soko lake halikuuawa na galeri. Lilikosa wanunuzi. Leo mfululizo wake uko kwenye makumbusho Amsterdam, na anayetaka kulalamika juu ya hilo alalamike, nitamuunga mkono. Ila aanze kwa kutuambia nani huku kwetu alikuwa tayari kuzinunua.

Sasa turudi kwenye ukuta wenyewe, huo unaoitwa huru. Panda basi kutoka Nairobi uelekee upande wowote, au kutoka Dar uelekee Morogoro, uhesabu maduka yaliyopakwa rangi ya kampuni ya simu, ya soda, ya sabuni. Mwenye duka kapakiwa bure, kampuni imepata bango kwa bei ya rangi, na jina la duka limeandikwa dogo pembeni. Huo ndio ukuta wa Afrika Mashariki, una mwenyewe na una mpangaji. Michoro ya mitaani tunayoipiga picha sana kwenye mitaa ya mabanda mingi imelipiwa na mashirika: nawa mikono, pima afya, chagua amani. Mchoraji anapewa ujumbe ulioandikwa ofisini, anapewa siku mbili, na kona ya chini inaachiwa nembo za wafadhili. Jina lake likikosa nafasi, basi tena. Sisemi kazi hizo ni mbaya, nyingine ni nzuri mno. Nasema anayezitazama na kuona uhuru ana macho ya ajabu.

Ipo michoro iliyofanywa kweli bila mfadhili wa aina hiyo. Mwaka 2012 mpigapicha Boniface Mwangi na wachoraji kama Swift9, Bankslave na Uhuru B walichora wanasiasa wa Kenya wakiwa tumbusi katikati ya Nairobi, na ule ulikuwa ujasiri wa kweli. Lakini kazi kama ile hufanywa usiku na huishi kwa huruma ya askari wa kanjo mwenye ndoo ya chokaa. Michoro ya matatu nayo, ambayo ndiyo makumbusho yetu makubwa yanayotembea, ilipata pigo mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoleta mstari wa manjano ubavuni. Kazi za miaka zikafichwa chini ya rangi moja. Hakuna aliyeuliza waliozichora ni akina nani. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasema polisi wayaache magari yenye michoro, mafundi wakarudi kazini, na tangu hapo wameishi wakisikiliza redio kujua kama riziki yao ni halali wiki hii.

Sheria ndiyo inayonifanya niache upole. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu kunakili na kusambaza nakala za kazi ya sanaa iliyo mahali ambapo umma unaweza kuiona, na kuiingiza kwenye filamu au matangazo ya televisheni. Tafsiri yake mtaani ni nyepesi. Ukichora ukutani, kampuni inaweza kupiga picha ya mchoro wako na kuitia kwenye kalenda, nawe huna la kudai zaidi ya heshima ya jina lako. Marekebisho ya 2019 ya sheria hiyohiyo yaliweka haki ya msanii kupata asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa. Kwa hiyo kanvasi inayotoka galerini ikauzwa mnadani inaweza kumrudishia mchoraji kitu mara ya pili na ya tatu. Ukuta haumrudishii chochote. Anayemshauri kijana abaki ukutani "kwa ajili ya uhuru" anamshauri asalimishe haki zake zote bila saini.

Wamarekani walilipigania jambo hili mahakamani. Huko Queens, New York, kulikuwa na jengo la kiwanda la 5Pointz, limefunikwa grafiti kutoka chini hadi juu. Novemba 2013 mwenye jengo alipaka michoro yote rangi nyeupe usiku. Wachoraji walimshtaki kwa kutumia sheria ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa zisiharibiwe, na mwaka 2018 Jaji Frederic Block akaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45. Rufaa ya mwenye jengo iligonga mwamba mwaka 2020. Walishindaje? Walithibitisha kwamba kazi zile zilikuwa na hadhi inayotambulika, na ushahidi ulitoka kwa wataalamu wa sanaa, watu wa galeri na makumbusho, wale wale tunaofundishwa kuwadharau.

Na tukirudi Kibera, mapema 2009 Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa kwa nyuso na macho ya wanawake wa pale, mita za mraba zipatazo 2,000, kwenye plastiki nene iliyozuia pia mvua isipenye mabati. Treni ilipita na macho ubavuni, ikakutana na nusu ya chini ya nyuso iliyobandikwa kwenye mteremko. Watu waliusifu mradi ule kwa kuwa hauna nembo ya kampuni yoyote. Ni kweli hauna. JR hugharimia kazi zake kwa kuuza nakala za picha kupitia galeri. Mapaa ya Kibera yalipata kinga ya mvua kwa fedha za kuta nyeupe za Ulaya.

Je, galeri ni peponi? La hasha. Nyingi za Nairobi ziko mitaa ambayo matatu haziingii, hukata sehemu nono ya bei, na usiku wa ufunguzi huzungumzwa Kiingereza hadi mlinzi anajiona mgeni. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye Maonyesho ya Venice lilijaa Waitaliano na Wachina, na mwaka 2015 likapangiwa tena orodha ya namna hiyohiyo, aibu ambayo Michael Soi aliichora vilivyo. Hayo ni makosa ya kupigiwa kelele. Lakini dawa yake ni wachoraji kuingia kwa wingi na kushika funguo, kama alivyofanya Shine Tani, aliyewahi kujipatia riziki kwa sarakasi za mitaani, leo ana galeri yake Banana Hill.

Na ukutani kwenyewe tuanze kudai karatasi. Mchoro utakaa muda gani, nani ataupaka rangi upya, nani anaruhusiwa kuuza picha yake, jina la mchoraji liandikwe kwa ukubwa gani kando ya nembo. Bunge la Kenya nalo lirekebishe kile kifungu cha kazi zilizo hadharani ili anayenakili kwa biashara alipe. Watakaosema masharti ya namna hii yanaua roho ya mtaa waende kwanza kwa fundi wa mabango yeyote wa Gikomba au Kariakoo. Huyo hafungui kopo kabla ya kushikishwa malipo ya awali, na sijasikia mtu akimwambia amesaliti ukuta wa bucha.