Acheni kuwahesabia maharusi miezi

Leo mnivumilie, nina hasira.

Bi harusi anajifungua wiki ya 26 tangu ndoa. Mtoto njiti, hata kilo hajafika. Badala ya kuuliza anapumua vipi, mawifi washafungua vidole: harusi Mfunguo Mosi, leo Mfunguo Saba! Wakiona kadi ya hospitali imeandikwa wiki 28, ndiyo wamepata ushahidi. "Kumbe alikuja nayo!"

Ushahidi gani? Hospitali huanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba hutunga kama wiki mbili baadaye. Aliyeshika mimba usiku wa harusi, kadi yake siku hiyo hiyo ina wiki mbili. (Hili nalo makungwi wangelifundisha, maana kufukiza udi tushajua.) Na wanazuoni walishalimaliza zamani. Qur'ani imetaja miezi 30 ya mimba na kunyonyesha, na pengine ikataja miaka miwili ya kunyonyesha. Toa wenyewe. Inabaki sita.

Linaloniuma ni kuwa maneno haya yanaua. Msichana anashikwa na uchungu mapema, ananyamaza kwa kuogopa fedheha. Na saa hizo ndizo za mtoto! Akiwahi hospitali anaweza kupigwa sindano za steroidi zinazokomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni, na zinataka muda kabla hajazaliwa. Aliyezaliwa kabla ya wiki 28 mapafu yake yananata, mishipa ya ubongo ni laini na huweza kuvuja damu, macho yanaweza kuharibika, hasa oksijeni ikizidi. Shirika la Afya Duniani linasema nchi maskini zaidi ya 9 katika 10 wa umri huo hufa siku za mwanzo. Nchi tajiri hufa chini ya 1 katika 10. Tofauti hiyo si ya watoto, ni ya huduma.

Akipona siku za mwanzo, bado ana wiki nyingi za maziwa ya mama kwa mrija na kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionesha kuwa kwa watoto wa kuanzia kilo moja, kuwabeba hivyo mara tu wanapozaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Mama hawezi kubeba peke yake usiku na mchana, lazima alale, aoge, ale. Basi nyie mawifi wenye vidole, muulizeni muuguzi zamu yenu saa ngapi.