Maji ya Gari la Zamani Hupotelea Wapi?

Katika nchi ya Ukambani, gari la zamani si pambo la kutazamwa. Land Rover, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka wa 1948, na Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka wa 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, bado zina wenyewe wanaozitunza, na baadhi yake zingali zikichukua magunia na maembe.

Lakini mara nyingi mwenye gari la namna hii huonekana na mtungi wa maji nyuma ya kiti. Kila afikapo sokoni hufungua kifuniko, huijaza rejeta, kisha hushika njia. Hudhani kwamba amelihudumia gari lake, kumbe ameiahirisha hasara. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba vile vile hukimaliza. Maji yakipungua, joto huzidi, na kichwa cha injini hupinda au hupasuka. Kichwa cha Peugeot 404 ni cha alumini, nacho hupinda upesi kuliko cha chuma. Hapo mpira wa maji ambao ungalibadilishwa kwa gharama ndogo huwa umemgharimu mwenye gari injini nzima. Tena hasara hiyo huja mahali pabaya: katika mpando wa Mbooni au Kilungu, au kati ya Kibwezi na Kitui, penye jua kali, naye akiwa na mgonjwa garini.

Basi kazi ya kwanza si kujaza maji, bali ni kujua yaendako. Na kazi hiyo hufanywa injini ikiwa baridi. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na mahali pa kimo hicho maji huchemka kwenye joto la nyuzi 96 hivi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke hata joto lipitapo hapo. Mtu akikifungua injini ingali moto, maji yaliyobanwa huchemka mara moja, yakamrukia usoni. Heri angoje saa nzima kuliko kuungua.

Injini ikiisha kupoa, na aisafishe, aikaushe, aijaze maji, kisha atandaze karatasi safi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi tone litamwonyesha upande wa kuanzia. Lakini asiamini tone peke yake, kwa maana maji huteremka kwa kufuata chuma, na mahali yanapoangukia huenda si mahali yalipotokea. Na afuate alama kwenda juu: mstari wa kutu, au ukungu mweupe wa chumvi ulioachwa na maji ya kisima.

Na apitie sehemu moja baada ya nyingine. Mipira ya maji aibonyeze kwa vidole. Iliyolegea kama kitambaa au kupasuka karibu na kibano haifai tena. Chini ya pampu ya maji aghalabu kuna kitundu kidogo. Maji yakitoka hapo, mpira wa ndani wa pampu umechakaa, na kukiziba kitundu ni kujidanganya. Kisha aangalie vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa injini, ambavyo kutu huvila kutoka ndani, pamoja na maungio ya rejeta juu na chini. Kifuniko nacho kisisahauliwe. Springi yake ikilegea, maji hutoka kwa mrija wa juu wakati wa kupanda mlima, na fundi atatafuta tundu lisilokuwapo.

Huenda pasionekane tone lolote nje, na maji yakazidi kupungua. Hapo ni lazima kutazama ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto, au mapovu yasiyokatika ndani ya rejeta mara injini inapowashwa ikiwa baridi: kila moja ya hizo ni dalili kwamba gaskiti ya kichwa imeungua au kichwa kimepasuka. Katika Peugeot 404 silinda zimezungukwa na maji, na mihuri iliyo chini yake ikichakaa, maji hushukia kwenye oili. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kulegeza kizibo cha oili asubuhi kabla ya kuwasha gari. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo ndiyo hutangulia kutoka. Yakitoka, gari lisiendeshwe hata hatua moja, kwa sababu oili yenye maji huharibu beringi.

Wako wanaotia yai au unga wa manjano ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Dawa hiyo yaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini mabaki yake huziba vijia vyembamba vya rejeta. Wako pia wanaoing'oa thamostati wakidhani ndiyo iletayo joto. Gari lililoharibika gaskiti haliponi kwa hilo, na lililo zima hukosa joto linalolifaa, likala petroli zaidi.

Jambo la mwisho ni maji yenyewe. Visima vingi vya Kitui vina maji ya chumvi, na chumvi hula chuma. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa ni bora, na yakichanganywa na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, ni bora zaidi. Pia na awe na daftari, aandike tarehe, kilomita alizokwenda na kiasi cha maji aliyoongeza. Lita moja kwa mwezi ikigeuka lita moja kwa wiki, daftari litamwambia kabla injini haijamwambia. Katika nchi ambayo watu huchimba mchanga wa mto kutafuta maji, haifai kuyamwaga njiani bila kujua yanatokea wapi.