TAHARIRI: Kijana Wetu na Shahada ya Biashara

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, swali moja hurudi katika baraza za misikiti yetu, Ujiji, Mwanga hadi Kibirizi. Safari hii limeletwa na kijana aliyelelewa madrasa. Amefaulu vizuri, na anatamani kuomba Shahada ya Biashara katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mzumbe, ambako wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache. Baba yake, mchuuzi wa dagaa, asema biashara haisomwi darasani. Baba yake mdogo asema huko atafundishwa riba. Kijana amebaki katikati, na siku za kuomba zinakwisha.

Tuanze na hoja ya riba, kwani ndiyo nzito. Katika Suratul Baqara, aya ya 275, Allah (S.W.) ametenganisha biashara na riba, akahalalisha ya kwanza na kuharamisha ya pili. Atawezaje kuuchunga mpaka huo asiyeujua? Sisi tuliosoma fiqhi tumeupitia mlango mzima wa riba, aina zake na hila zake, wala hakuna aliyesema kwamba kwa kuusoma tumeila. Walioonywa katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim ni mlaji wake, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Basi hatari haimo katika darasa. Imo katika ajira itakayofuata. Hapo ndipo kijana aweke nia yake mapema. Na milango ya halali ipo: tangu mwaka 2011 nchi yetu ina Benki ya Amana inayoendeshwa kwa misingi ya sharia, na taasisi kama hizo zinahitaji watu wanaojua hesabu na fiqhi kwa pamoja.

Ama hoja ya baba, tunaiheshimu. Ujiji ilikuwa soko kubwa tangu karne ya 19, ijapokuwa hatujivunii dhulma ya utumwa iliyopita humo. Lakini leo mzigo unaovuka ziwa kwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie unataka hati za forodha, hesabu za kodi na ujuzi wa thamani ya fedha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya sura hiyo hiyo, inahusu kuandika madeni. Je, ni maduka mangapi yaliyokufa pamoja na wenyewe, warithi wakagombana kwa kukosa daftari?

Liko pia suala la mkopo wa serikali. Wengi waliukwepa kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Hata hivyo, kila mwombaji ausome mkataba wake kwa makini na awaulize wanazuoni kabla ya kutia saini.

Rai yetu ni kwamba kijana aombe. Aswali istikhara, ashauriane na wazazi wake kwa adabu, kisha amfunge ngamia wake ndipo atawakali. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni. Basi asitegemee chuo kimoja, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro asikisahau. Akikosa nafasi, hajapungukiwa heshima. Duka la baba lipo, na riziki iko kwa Mola wake.

Nasi jamaa wa msikiti tuna wajibu wetu. Tunachangia mazulia na vipaza sauti; tushindwe na ada ya maombi ya kijana mmoja?

Wabillahi tawfiiq.