Mokambo: kuacha motokari ya bei kali kwa komisioneri bila karatasi ni kucheza na feza

Kwenye mupaka wa Mokambo, katika teritware ya Sakania, motokari za kila namna zinapita: malori ya shaba, Toyota za zamani zenye kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, na mara moja moja motokari ya spoti, ya chini-chini, yenye kujaa vumbi, ikiwa juu ya lori yenye kuibeba. Porsche ao Mercedes AMG haina kazi Mokambo. Inaenda Lubumbashi, kwenye lami ya Golf na ya avenue Lumumba, kwa mutu mwenye kufanya feza katika mine ao katika biashara. Kisha miaka miwili ao mitatu, mutu huyo anataka kuiuzisha. Hapo ndipo matata inaanza.

Kwa kawaida haiuzishe yeye mwenyewe. Anaipeleka pa parking, kwa komisioneri mwenye anajulikana, anamuachia fungulo, wakati fulani anamuachia na carte rose, anamwambia bei yenye anataka, na wanapeana mukono. Komisioneri anapiga picha, anazitumia watu wake kwa WhatsApp, anaosha motokari kila asubuhi, anangojea mununuzi. Hakuna mutu mwenye ameandika kitu. Ukiuliza sababu gani, jibu ni moja: « Tunajuana. »

Njia hii yenyewe haiko mbaya, na wenye kuisema vibaya wanakosea. Motokari ya spoti haiuzishwe kama Toyota IST. Wanunuzi wake wako wachache; mumoja anaweza kuwa Kolwezi, mwingine Likasi, mwingine ngambo ya mupaka, Kitwe ao Ndola. Komisioneri muzuri anawajua, anajua nani ana feza kweli na nani anakuja tu kupiga picha akikaa kwenye usukani. Tena, katika muji kama Lubumbashi, kufungulia watu usioyajua mambo yao mulango wa kwako, wakuje kuangalia motokari ya dola 40,000 na kuhesabu madirisha ya nyumba, si akili. Parking inakinga familia. Kwa hiyo kumulipa mutu wa katikati ni haki yake. Kosa liko mahali pengine: kazi kubwa namna hii inafanywa kwa mudomo mutupu.

Ugomvi wa kwanza unatoka kwenye maneno mawili yenye kila mutu wa parking anayajua: bei net. Mwenye motokari anasema: mimi nataka dola 38,000 mukononi, ile ya juu ni yako. Anajiona mwerevu, maana hatalipa komisyo. Motokari inauzishwa 46,000. Siku moja anakutana na mununuzi kwenye arusi, wanazungumuza, anasikia bei ya kweli, na damu inapanda. Anamuita komisioneri mwizi. Lakini kwa haki gani? Yeye ndiye alisema ile ya juu si yake. Kama angesema tangu mwanzo kwamba komisioneri atapata sehemu fulani ya bei, na kwamba ataona karatasi ya mauzo yenye bei ya kweli, wote wawili wangevuta kamba upande mumoja. Bei net inamufundisha komisioneri kuficha, na mwenye motokari ndiye anakuwa mwalimu wake.

Ugomvi wa pili ni mubaya zaidi. Motokari imeuzishwa, feza haionekane. Komisioneri anasema mununuzi amelipa nusu tu, kisha simu haipite tena. Ao amechukua akonto kwa watu wawili juu ya motokari moja. Ao ameiweka rehani kwa mutu mwenye kukopesha. Sheria ya Congo haiko kimya juu ya mambo haya. Kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha kode penali kinaazibu abus de confiance, ni kusema mutu mwenye kula ao kutawanya kitu alichopewa ili akirudishe ao akitumie kwa kazi fulani: kifungo kuanzia miezi 3 mupaka miaka 5, pamoja na malipo ya azabu. Parquet ya Lubumbashi inaijua sana neno hiyo. Ila jaji anataka alama. Motokari ilitolewa siku gani? Kwa kazi gani? Kwa bei gani? Mutu mwenye alipeana mukono tu anabaki na mashahidi, na mashahidi wa parking wanakula pa parking.

Kuna jambo lingine lenye watu wengi hawajue, na lenye kuumiza zaidi. Katika sheria ya kiraia ya Congo, kwa vitu vyenye kuhamishika, mwenye kukishika kitu anahesabiwa kuwa mwenye nacho. Mutu mwenye kitu chake kilipotea ao kiliibiwa anaweza kukifuata kwa muda wa miaka 3. Lakini mwenye alitoa motokari kwa mapenzi yake, akatoa na fungulo, akatoa na carte rose, atapata kazi nguvu kuonyesha kwamba iliibiwa. Mununuzi mwenye alilipa kwa moyo safi atasimama mbele ya jaji na kusema: mimi nilinunua mbele ya macho ya watu wote, kwa mutu mwenye kuwa na kila karatasi. Ndiyo maana kuacha carte rose ya asili pa parking ni kosa kubwa kupita kosa la kusahau kuandika bei. Kopi inatosha kwa kumuonyesha mununuzi. Ile ya asili inatoka nyumbani siku ya malipo, si mbele.

Wengine watasema kwamba hizi ni hesabu za wazungu, na kwamba biashara ya Katanga inatembea juu ya tumaini. Lakini tangu tarehe 12 Septemba 2012 Congo iko ndani ya OHADA, na sheria ya OHADA juu ya biashara ina sehemu nzima juu ya watu wa katikati. Komisioneri ni mufanyabiashara mwenye kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe lakini kwa faida ya mwingine. Ana haki ya komisyo yake, na ana deni la kutoa hesabu. Sheria hii inamulinda yeye pia. Wako makomisioneri wengi wenye kutafuta mununuzi kwa miezi, wakalipa mulinzi na maji ya kuosha, na siku mununuzi anapatikana, mwenye motokari anamupigia simu pembeni na kuuzisha nyuma ya mugongo wao. Hiyo nayo ni wizi, hata kama mwizi anavaa koti nzuri.

Mokambo inaleta matata yake ya pekee. Watu wengi wa Lubumbashi wanafikiri kila motokari yenye kuonekana pale inaingia Congo. Sivyo. Ramani ya mupaka inaonyesha ulimi wa udongo wa Congo wenye kuingia ndani ya Zambia, na barabara ya Pedicle inaukata kutoka Mokambo mupaka upande wa Chembe, kwenye muto Luapula. Wazambia wanaitumia ili kutoka Mufulira na Copperbelt kwenda Mansa bila kuzunguka mbali. Wanaingia Congo, wanabadilisha upande wa barabara, maana kwao wanatembeza kushoto na kwetu ni kuume, wanatoka tena. Motokari yao iko na ruhusa ya kupita tu. Haikulipa duane ya Congo na haikupaswa kuilipa.

Sasa, motokari ya namna hiyo ikiachwa « kwa siku mbili » kwa mutu wa Mokambo ili aiuzishe, mununuzi wa Lubumbashi ananunua nini? Ananunua usukani na magurudumu. Hana karatasi ya DGDA yenye kuonyesha kama duane ililipwa, na bila hiyo hatapata plaque wala carte rose. Atatembea na plaque ya Zambia mupaka siku polisi ya barabara ao brigade ya duane itamusimamisha, na siku hiyo duane, faini na « kahawa » vitakula faida yote ya bei ndogo. Upande wa Zambia, motokari ina kitabu chake, chenye wanaita white book, na ina cheti cha polisi ya Interpol chenye kuonyesha kwamba haitafutwe. Mwenye kununua karibu na mupaka na hakuomba hizo mbili amenunua gizani. Si siri kwamba motokari zenye kuibiwa Afrika ya Kusini zinapandishwa kaskazini. Namba ya chassis, yenye herufi na tarakimu 17, inasomwa kwenye chuma na kulinganishwa na karatasi, moja kwa moja, na mutu mwenye hana haraka. Komisioneri mwenye kukataa hilo amekwisha kujibu.

Lakini tuseme ukweli wote: mara nyingi motokari haiuzike kwa sababu ya mwenye nayo. Alinunua kwa bei ya mupya, akailipia usafiri na duane, na sasa anataka feza zote zirudi, pamoja na kilo mbili za heshima. Motokari ya spoti inapoteza bei kwa haraka kupita Land Cruiser, na Katanga sababu zinaongezeka: iko chini, mashimo yanaipasua, pièce moja inangojewa kutoka Johannesburg ao Dubai kwa majuma, mekanisyen mwenye kujua kompyuta yake ni mumoja ao wawili katika muji. Usukani ukiwa kuume, wanunuzi wanapunguka tena. Mwenye kukataa kuyasikia haya anaiacha pa parking miezi nane, kisha analalamika kwamba komisioneri hana bahati.

Na miezi nane chini ya jua la mwezi wa kumi haipite bure. Betri inakufa. Matairi yenye kusimama mahali pamoja yanaharibika upande mumoja. Vumbi jekundu linaingia mupaka ndani ya viti. Mutoto wa parking anawasha motere kila asubuhi ili wapita-njia wasikie sauti, na siku moja anaenda nayo « kujaribu » mupaka route Kipushi. Nani analipa ikigonga mutu? Bima ya lazima, yenye iliwekwa na sheria ya mwaka 1973, inaangalia watu wengine wenye kuumizwa. Bampa ya Porsche haiitengeneze. Hapa ndipo karatasi moja ndogo ingeokoa urafiki: kilometa siku ya kuacha, picha za pande zote, nani ana ruhusa ya kuitembeza, muda wa miezi mitatu, kisha motokari inarudi nyumbani ao bei inazungumuzwa upya.

Juu ya feza, jambo ni fupi. Tangu sheria ya tarehe 19 Julai 2004 juu ya kupigana na kusafisha feza chafu, malipo ya dola 10,000 na zaidi hayapaswe kufanyika kwa noti. Kila mutu wa Lubumbashi ameona sheria hiyo ikivunjwa, kwenye meza, dola zikihesabiwa mbele ya watu kumi, noti yenye kupasuka kidogo ikirudishwa. Malipo kupitia banki, moja kwa moja kwenye konti ya mwenye motokari, na komisyo kwenye konti ya komisioneri siku ile ile, yanamaliza nusu ya magomvi yenye kusemwa hapa juu.

Hata motokari za ajabu kuliko zote zinauzishwa na watu wa katikati. Tarehe 29 Septemba 2019, karibu na Geneva, Uswisi, nyumba ya mnada Bonhams iliuzisha motokari 25 zenye zilikamatwa kwa Teodorin Obiang, mwana wa rais wa Guinea ya Ikweta. Lamborghini Veneno moja ilipita milioni 8 za dola, na feza ziliahidiwa kwa kazi za kusaidia wanainchi wa kule. Bonhams haikuwa na hata gurudumu moja la zile motokari. Lakini kila moja ilikuwa na karatasi yake, na kila mutu katika chumba alisikia bei.

Lubumbashi haiombe Bonhams. Inaomba kwamba kila parking iwe na rejista: motokari gani imeingia, ya nani, imetoka siku gani, kwa nani. Makomisioneri wanaikimbia, na sababu yao haiko ya kuchekesha: rejista ikionekana, huduma tano za leta zitapita kila juma, kila moja na kitabu chake cha kukata, DGI, DRHKAT, komini, wengine wasiojulikana wametoka wapi. Mukubwa wa muji akitaka rejista iwe ya kweli, aseme ni huduma gani moja tu ina haki ya kuifungua, na azipige marufuku zile zingine kwa maandishi.

Wakati hilo halijafanyika, notere yuko, na komini ina muhuri. Mukataba wa kurasa mbili, wenye namba ya chassis, bei ya chini, sehemu ya komisioneri na tarehe ya mwisho, unaandikwa kwa nusu saa. Komisioneri mwenye kazi safi hatakasirika akiombwa kutia sinyatire. Wengine kati yao wameanza kuleta karatasi wao wenyewe, kwa sababu wamechoka kuitwa wezi.