Kichwa kinauma? Usikimbilie kemisti

Ukisikia wanasayansi wanachunguza dawa ya kutanua mishipa ya damu dhidi ya uvimbe wa tezi ya pituitari, tulia kwanza. Tezi hii iliyo chini ya ubongo ni ndogo kama njegere, lakini huongoza ukuaji, hedhi na uzazi.

Dawa kubadilishiwa kazi si jambo geni. Sildenafili ilianza kuchunguzwa kwa maumivu ya moyo. Mwaka 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa nguvu za kiume. Ila matokeo ya seli za maabara bado si tiba. Isitoshe, dawa hizi hushusha presha, na zenyewe zaweza kukuumiza kichwa.

Sasa mfikirie kijana wa Masara, Migori, anayetoka shimo la dhahabu kichwa kikimgonga. Atalaumu jua na vumbi, ameze Panadol, basi. Mara nyingi hajakosea. Lakini ukiona pia huoni vizuri pembeni, hedhi imekatika bila mimba, au viatu vimeanza kukubana ukubwani, nenda hospitali upimwe macho na homoni. Uvimbe unaotoa prolaktini mara nyingi hunywea kwa tembe za kabagolini, bila kisu. Tiba ipo tayari. Kuchelewa ndiko hupoteza macho.