Bei ya Duka na Bei ya Simu

Zamani Jumamosi ya vijana wetu hapa Manchester ilikuwa ni mpira, na baada ya mpira, mpira tena. Siku hizi mambo yamegeuka. Wapo ambao wakisha kusali alfajiri hushika treni pale Piccadilly mpaka Hathersage, na kutoka hapo hupanda kwa miguu hadi Stanage, genge la mawe lenye urefu wa karibu kilomita 6, wakaparamie majabali kwa kamba. Wengine hufanya hivyo hapa hapa mjini, katika majumba yenye kuta zilizotengenezwa makhsusi kwa kazi hiyo. Mwanzo sisi wazee tulicheka. Tulisema: mtu wa pwani hupanda mnazi kwa kutaka nazi, je, huyu anayepanda jiwe anatafuta nini huko juu? Lakini mchezo umewashika, wavulana kwa wasichana, na mmoja katika hao ni mjukuu wangu mwenyewe. Basi nami nimelazimika kujifunza nikiwa na mvi.

Ninalotaka kulizungumza ni bei ya vifaa, maana hilo ndilo linaloleta maneno majumbani. Viatu vizuri vya kupandia huvuka pauni 100. Juu yake pana mshipi wa kiunoni na mapajani, pana zile pete za chuma zenye kifungo, pana kofia ngumu, na kamba nayo si rahisi. Mzee mwenye watoto watatu, mwenye kuendesha teksi au kufanya kazi ya usiku hospitali, akisikia hesabu hiyo hukuna kichwa. Kijana naye humwonyesha simu: "Baba, kitu hiki hiki hapa kina nafuu." Na kweli kina nafuu. Sasa nani wa kumlaumu?

Naanza na kosa langu. Miaka mitatu nyuma nilimpeleka mjukuu katika duka dogo la vifaa vya milimani. Mwenye duka, bwana wa makamo, alimkalisha kitako, akamtazama miguu, akamletea jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alimweleza kwamba kiatu cha kupandia hubana kuliko kiatu cha skuli, ila kikiumiza basi si chako. Akampandisha katika kijukuta alichokuwa nacho pale dukani ili ajaribu. Saa nzima ilipita. Tulimshukuru, tukamwambia tutakwenda kufikiri. Tulipofika nje tu, mjukuu akatoa simu, akaagiza jozi ile ile, namba ile ile, kwa pauni 23 pungufu. Na kadi ya benki ilikuwa yangu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota.

Usiku wake nilimkumbuka marehemu baba. Yeye alikuwa akiuza vitambaa Ng'ambo, kule Unguja. Walikuwapo wateja waliomfungulisha jora baada ya jora, wakamwuliza gauni la mtu mnene huchukua yadi ngapi, rangi ipi haichuji, kisha wakaenda kununua duka la pili ambako mwenyewe hakujua kitu ila kupunguza senti. Baba alikuwa akirudi nyumbani akasema, "Leo nimesomesha bila ya mshahara." Mimi niliyekuja kusomesha kwa mshahara maisha yangu yote, nilikwenda kumfanyia mtu mwingine lile lile alilofanyiwa baba yangu.

Masika iliyofuata tulirudi kwa bwana yule na suali kuhusu mshipi. Tulikuta karatasi kiooni: duka limefungwa. Sisemi kwamba pauni zetu 23 ndizo zilizoliua. Kodi ya pango ni kubwa, na wakubwa wanaonunua kwa maelfu humshinda bei mdogo kwa vyovyote. Lakini suali letu lilikosa mtu wa kulijibu, na simu ilitupa majibu manane yanayopingana.

Vijana watanijibu, na nimeshajibiwa mezani kwangu, kwamba mchezo huu tangu asili ni wa watu wasio na kitu. Ni kweli. Joe Brown, mtoto wa Manchester hii hii, aliyezaliwa mwaka 1930 na kujifunza ufundi wa bomba, alianza kupanda kwa kamba ya kuanikia nguo ambayo mama yake alikuwa ameitupa. Mwaka 1955 yeye na George Band walikuwa wa mwanzo kupanda Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Wapandaji wa zama zake husimuliwa kuwa waliokota nati za chuma kandoni mwa reli ya mlima Snowdon, wakazipitisha uzi na kuzikaza katika nyufa za mawe, na kutokana na hizo ndipo wahunzi walipotengeneza vifaa vinavyouzwa leo. Lakini wanaonisomea habari hizo huachia njiani. Mtu huyo huyo wa kamba ya nguo, mwaka 1966 alifungua duka lake la vifaa kule Llanberis. Aliyejua taabu ya kukosa vifaa ndiye aliyekwenda kukaa nyuma ya meza kuwauzia wenziwe. Na asitokee mtu akafuata mfano wa kamba ya nguo. Kamba ya kupandia hutengenezwa ivutike ili imdake mtu anayeanguka bila ya kumvunja mgongo. Ya kuanikia nguo haikufanywa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo ninapotenga mambo mawili. Kitu ambacho roho ya mtoto inaning'inia juu yake, yaani kamba, mshipi na zile pete, kinunuliwe kwa mtu anayejulikana, mwenye mlango na jina. Kitazamwe alama na namba zake: kamba EN 892, mshipi EN 12277, pete EN 12275. Mwaka 2011 kampuni ya Petzl ya Ufaransa ilitangaza yenyewe kuwa pametokea vifaa vya bandia vilivyobandikwa jina lake, vyenye khatari ya kukatika kwa uzito mdogo. Bandia ile haikuonekana kwa macho kuwa ni bandia. Sasa mtu anayenunua kwa muuzaji asiyejulikana, kwa picha, atajuaje? Na kamba ya mtumba ndiyo nisiyotaka kuisikia kabisa. Hujui imeanguka na nani, imelala na asidi ya betri katika gari ya nani. Tena watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa ndio mwisho wa vitu vya nyuzi, hata kama havikutoka mfukoni.

Vilivyobaki, suruali, koti la mvua, begi, mfuko wa chaki, viwe rahisi kadiri mtakavyo. Nunueni mitumba, azimaneni, agizeni kwa simu, sina neno. Anayeanza asinunue hata viatu. Akodi pale ukutani mpaka ijulikane kama mchezo utamkaa. Viatu vilivyolika hutiwa soli mpya, na watu wetu wanaotia viraka kila kitu sijui kwa nini hiki wanakitupa. Yapo maduka yanayowapunguzia bei wanachama wa British Mountaineering Council, na dukani kuulizia toleo la mwaka jana si aibu. Sisi tuliolelewa sokoni tumekuwaje mabubu mbele ya bei iliyoandikwa?

Nao wenye maduka wana lao. Kijana mmoja, msichana wa hijabu, aliniambia kuwa duka moja aliloingia alifuatwa nyuma tangu mlangoni hadi alipotoka, na hakuulizwa anataka nini. Huyo akiagiza kwa simu simlaumu hata kidogo. Anayetaka tumfae naye atupokee kama wateja.

Nimewaombea vijana kabati moja katika ukumbi wetu wa jumuiya: makoti, mabuti, mabegi na viatu vilivyowapita watoto viwekwe humo, viazimwe kwa daftari. Kamba na mishipi haitaingia. Ufunguo nitaushika mimi, kwa kuwa mstaafu hana udhuru.

Mjukuu wangu naye miguu imekua. Kule Hathersage, njiani kwenda Stanage, lipo duka, na tumekubaliana kuwa safari hii tutaingia na fedha mkononi, na simu nitakaa nayo mimi.