Basi la Saga Lisimame na kwa Watumwa

Ziara za kufuata saga za Iceland, zile hadithi zilizoandikwa karne ya 13, hujengwa juu ya mashujaa. Basi linafika Hlíðarendi, mnashushwa, mnaambiwa hapa ndipo Gunnar aligeuka akaona kwao kulivyo kuzuri, akakataa kwenda uhamishoni ingawa kubaki kulimaanisha kifo. Stori tamu, picha mnapiga.

Sasa geukeni baharini. Siku isiyo na ukungu mtaona visiwa vya Vestmannaeyjar. Mwongozaji akiwaambia habari za ndege wa huko tu, amewanyima. Jina hilo ni visiwa vya watu wa magharibi, yaani Waayalandi, na hao walikuwa watumwa. Landnámabók inasimulia kuwa mlowezi Hjörleifur alikuwa na maksai mmoja tu, kwa hivyo akawafanya watumwa wakokote plau. Binadamu, plau! Wakamuua maksai, wakasingizia dubu, na wakubwa walipotawanyika kumsaka huyo dubu, wakawamaliza mmoja mmoja, wakatorokea visiwani. Ingólfur akawafuata, akawaua. Wengine walijirusha kwenye majabali.

Mtasema hiyo si saga ya Gunnar. Haya, Laxdæla ni saga: Melkorka, binti wa mfalme wa Ayalandi, ananunuliwa kama mtumwa na anajifanya bubu kwa miaka.

Karibu na mji wa Vík kuna kilima, Hjörleifshöfði, bado kina jina la yule bwana. Barabara kuu inapita hapo hapo. Simamisheni basi nusu saa, mwongozaji aseme yote. Maporomoko ya maji hayaendi popote.